Slaidi 300 za marehemu baba: ninunue skana gani?

Swali: Assalaam alaykum. Marehemu baba alisoma Ujerumani Mashariki mwanzoni mwa miaka ya 1970 na alipenda sana kamera. Ametuachia slaidi kama 300, nyingi zimo kwenye fremu za plastiki, nyingine zimebanwa kati ya vioo viwili. Pia kuna bahasha za negativu nyeusi na nyeupe, za mraba, pana kuliko zile tulizozoea, na albamu tatu za kurasa zenye gundi. Tunaishi Unguja, na baadhi zimeshaanza kuota koga. Nimetenga shilingi milioni moja na nusu. Duka la kwanza limenishauri printa ya tatu-kwa-moja ya dpi 4800. La pili limenionyesha kidude cha kuskani slaidi cha megapikseli 22. Mdogo wangu anasema simu inatosha. Nimsikilize nani?

Jibu: Wa alaykum salaam, dada yangu. Mungu amrehemu mzee.

Katika hao watatu, mdogo wako ndiye aliye karibu na ukweli kuliko wenye maduka, nitaeleza kwa nini. Lakini kwa mzigo ulioutaja, nunua skana bapa, ile ya kufunua mfuniko na kulaza kitu juu ya kioo, yenye sifa tatu: taa ya pili ndani ya mfuniko, lenzi ya kweli ndani ya tumbo lake, na mwali wa infraredi wa kutambua vumbi. Kwa fedha zako, mashine inayokusanya yote matatu ni Epson Perfection V600. Nje imekuwa ikiuzwa kwa dola 300 na ushei, kwa hiyo hata ukiongeza usafiri na ushuru utabakiwa na cha kununulia diski ya nje. Usiponunua mpya, mtumba wake si mbaya, na nitakupa namna ya kuukagua.

Sikuchagulii V600 kwa kuwa inaongoza kwa ukali wa picha. Ziko zinazoiacha mbali. Ila mali ya mzee ni ya aina tatu tofauti, na skana nyingi zilizo kali kwa aina moja hukataa kabisa hizo nyingine mbili.

Tuanze na printa. Picha ya karatasi huonekana kwa mwanga unaoipiga na kurudi. Slaidi huonekana kwa mwanga unaopita ndani yake. Printa ya tatu-kwa-moja ina taa moja tu, chini ya kioo. Laza slaidi pale, funga, bonyeza: utapata mraba mweusi uliozungukwa na fremu safi ya plastiki. Wapo wanaowasha tochi ya simu juu ya slaidi ili kuidanganya mashine. Wanachopata ni doa jeupe katikati, pembe za giza, na rangi zisizoeleweka. Muuzaji hakukudanganya kuhusu zile dpi 4800, alisahau tu kukuuliza unataka kuskani nini.

Hicho kidude cha megapikseli 22 kinastahili maelezo marefu kidogo, maana kinauzwa sana na kinawapendeza watu kwa jinsi kilivyo chepesi: unachomeka slaidi, unabonyeza, sekunde moja picha iko kwenye kadi. Ndani yake hakuna skana. Kuna kamera ndogo ya lenzi isiyosogea, inayotazamana na kibamba cha taa za LED. Vingi vya aina hii vina kihisi cha megapikseli 14, kisha programu huivuta picha hadi 22. Huo mvuto haukuongezei hata unywele mmoja wa kilichomo kwenye slaidi. Kingine, hutoa JPEG peke yake, tayari imeminywa, na mara nyingi hukata kingo za picha kwa sababu dirisha lake ni dogo kuliko fremu.

Hayo yote ningeweza kuyavumilia kwa ajili ya kasi. Lisilovumilika ni giza. Filamu ya slaidi ina tofauti kali mno kati ya mwanga na kivuli, na sehemu zake nyeusi zinazuia mwanga kiasi cha kuishinda kamera ndogo. Chukua picha ya kawaida kabisa ya kwetu: wazee wamevaa kanzu, wamekaa chini ya mwembe saa saba mchana. Kanzu inawaka jua, nyuso zimo kivulini, na ni nyuso za watu weusi. Kidude kinachagua kati: kikiokoa nyuso, kanzu zinageuka karatasi tupu bila mkunjo wala darizi, kikiokoa kanzu, nyuso zinakuwa vivuli vyenye meno. Ukiishika slaidi ile ile mbele ya dirisha utayaona macho ya kila mmoja. Yamo, ila kifaa hakikuyafikia. Uwezo huu wa kuingia gizani watengenezaji huuita Dmax. V600 inatajwa kuwa na 3.4 na ndugu yake mkubwa V850 inatajwa kuwa na 4.0. Usiziamini namba hizo neno kwa neno, kila kiwanda kinajipimia. Lakini skana yenye lenzi ya kweli na inayohifadhi rangi kwa biti 48 hukupa nafasi ya kuinua nyuso baadaye, jambo ambalo JPEG ya kidude haikuruhusu.

Sasa hizo dpi, yaani nukta kwa kila inchi, ambazo kila duka linazitangaza. Dashibodi ya daladala imeandikwa kilomita 180 kwa saa. Hujawahi kuiona ikifika. V600 imeandikwa 6400. Watu wanaopima skana kwa bamba lenye mistari myembamba huiona ikitenganisha nukta takriban 1500 hadi 1600 tu. V850, ghali zaidi ya mara mbili, hufika kwenye 2300 hivi. Skana maalumu ya filamu kama Plustek OpticFilm 8100 imeandikwa 7200 na kwa vipimo hivyo hivyo hutoa kama 3800. Ukinunua kwa kulinganisha maandishi ya maboksi, V600 na V850 zitaonekana pacha.

Je, 1600 inakutosha? Slaidi ya kawaida ina picha ya milimita 36 kwa 24. Kwa nukta 1600 za kweli unapata takriban megapikseli 3.4, ambazo huchapika vizuri sana kwa upana wa sentimita 19, na bado zinakubalika kwa picha ya ukutani ya sentimita 30 ikitazamwa kutoka kwenye kochi. Kwa simu na runinga za ndugu ni zaidi ya kutosha. Zile negativu za mraba ndiyo habari njema. Kwa maelezo yako ni filamu ya 120, ambayo picha yake ina kama milimita 56 kila upande. Eneo hilo ni zaidi ya mara tatu ya slaidi, kwa hiyo skana ile ile inakutolea megapikseli 12 na kitu za ukweli. Usishangae negativu za zamani zikitoka safi kuliko slaidi za rangi.

Jaribu mwenyewe ukishaipata. Tafuta slaidi yenye maandishi madogo, kibao cha duka au namba ya gari, iskani kwa 1600, kisha 2400, kisha 3200, kisha 6400, halafu zikuze zote kwenye kioo cha kompyuta mpaka herufi zilingane ukubwa. Kuna mahali herufi zitaacha kuongezeka uwazi na faili itaendelea kunenepa. Hapo ndipo pa kusimama. Mimi kwa V600 huweka 3200, kwa sababu ukiomba nukta nyingi kidogo kuliko uwezo wake halisi kingo hutoka laini. Slaidi moja kwa 3200 na biti 48 huzaa faili ya TIFF, yaani isiyominywa kama JPEG, ya megabaiti 82 hivi, kwa hiyo 300 ni kama gigabaiti 25. Kwa 6400 zingekuwa karibu 100, na usingeona tofauti.

Utaniuliza basi kwa nini nisikupeleke kwenye hiyo Plustek yenye 3800, na bei yake haijapishana sana. Kama mzee angeacha slaidi za fremu nyembamba peke yake, ningekupeleka huko bila kusita, tena ile ya 8200i kwa kuwa 8100 haina infraredi. Lakini hupokea filamu ya milimita 35 tu, kwa hiyo bahasha za negativu za mraba zingebaki bahasha. Albamu nazo haiziwezi. Na slaidi za vioo ni nene: huenda kishikio kisifunge, au kifunge kwa nguvu na kioo cha miaka hamsini kipasuke mkononi mwako. Zaidi ya hayo unasukuma kishikio kwa mkono, picha moja baada ya moja. V600 hupokea slaidi nne kwa mkupuo. Ni polepole pia, nakubali. Slaidi 300 ni mikupuo 75. Kila mkupuo ukila robo saa pamoja na kupuliza vumbi, hiyo ni karibu saa 19 za kazi.

Na ndiyo sababu hupaswi kuskani zote 300.

Hapa ndipo simu ya mdogo wako inapoingia. Fungua ukurasa mweupe mtupu kwenye laptopu, ongeza mwanga wa kioo hadi mwisho. Weka kioo cha fremu ya picha juu ya vikombe viwili ili kiinuke sentimita kadhaa juu ya kioo cha laptopu, la sivyo utapiga picha ya vinukta vya kompyuta. Panga slaidi 20 juu yake, piga kwa simu, endelea na 20 nyingine. Kwa jioni moja mna orodha ya picha zote. Zirusheni kwa mama, kwa shangazi, kwa wazee waliosoma naye: huyu nani, hapa wapi, mwaka gani. Majibu yatakuonyesha zipi ni za familia na zipi ni kanisa la Leipzig lililopigwa mara sita kutoka upande ule ule. Zikibaki 90 za kuskani kwa uangalifu, umeokoa siku kadhaa za maisha yako. Usiishie kwenye simu tu, kwa sababu WhatsApp huminya picha. Anayetaka nakala nzuri mtumieni kama dokumenti.

Kama katika ukoo yupo anayepiga picha za harusi na ana lenzi ya makro, ile ya kupigia vitu vidogo kwa karibu, kuna njia ya pili ambayo kwa slaidi za milimita 35 inaishinda V600 kwa ukali na kwa kasi pia. Kamera ya megapikseli 24 ikielekezwa chini kwenye slaidi iliyowashwa kwa nyuma na kibamba cha LED kizuri, unapiga slaidi moja kila baada ya sekunde chache. Kigumu pekee ni kuiweka kamera sambamba kabisa na slaidi. Fundi hulaza kioo kidogo cha kujitazamia mahali pa slaidi, kisha hutazama kupitia kamera: lenzi ikijiona katikati barabara ya kioo, mambo yamenyooka. Nikon pia iliuza kifaa kiitwacho ES-2 kinachofungwa mbele ya lenzi na kushika slaidi yenyewe, na mashaka ya unyoofu yanaisha. Lakini kamera haina infraredi. Kila punje ya vumbi utaifuta kwa mkono kwenye kompyuta, na kwa slaidi za Unguja punje ni nyingi. Kwa hiyo ningetumia kamera kwa zile kumi au ishirini bora mtakazotaka kuzichapisha kubwa, kazi nyingine ibaki kwa skana.

Infraredi inafanyaje? Rangi za filamu ya rangi hupitisha mwali wa infraredi kana kwamba hazipo, ila vumbi, mikwaruzo na nyuzi huuzuia. Skana inapitisha mwali huo mara ya pili, inapata ramani ya uchafu, na programu inaziba. Epson wanaiita Digital ICE. Slaidi za baba yako yamkini ni ORWO, za kiwanda cha Wolfen kilichoacha jina la Agfa na kuchukua hilo mwaka 1964, mwaka ule ule Ujerumani Mashariki ilipoitambua serikali ya Mapinduzi na kuanza urafiki uliowapeleka kina mzee kusoma. Angalia pembeni mwa fremu au kwenye kisanduku, jina huwa limechapwa. Filamu hizo hufanya kazi vizuri na infraredi. Ukikuta iliyoandikwa Kodachrome, ijaribu kwa makini: tabaka zake huzuia mwali kwa sehemu, na programu inaweza kuchubua picha yenyewe.

Kwa negativu nyeusi na nyeupe, zima ICE kabisa. Picha yake ni fedha halisi iliyogandishwa kwenye jelatini, na fedha huuzuia mwali sawasawa na vumbi. Mashine itaiona picha nzima ni uchafu na kuanza kuisafisha: utaona kope zimeyeyuka, darizi za kofia zimekuwa uji, mstari wa mdomo umekatika. Wengi huishia kuilaumu negativu.

Koga. Hili ndilo linalonitia wasiwasi zaidi ya skana. Koga halikai juu ya filamu tu, linaila jelatini inayobeba picha, na jelatini iliyoliwa huyeyuka ndani ya maji. Kwa hiyo usioshe kwa maji, usifute kwa kitambaa chenye unyevu, usipulizie mvuke wa mdomo. Spiriti ya duka la dawa ya asilimia 70 nayo usiitumie, kwa sababu iliyobaki ni maji. Anza na mpira wa kupulizia hewa na brashi laini kavu, ukiwa nje au karibu na dirisha, umeziba pua, maana hizo mbegu si za kuvuta. Kama lazima uende mbele, ni alkoholi ya isopropili ya asilimia 99 na pamba isiyoacha nyuzi, mguso mmoja, uanze na slaidi usiyoijali. Mizizi ya koga iliyokwisha kula picha haitaondoka. Infraredi itaificha kiasi, iliyobaki utaiacha ilivyo au utampa mtu wa kurekebisha picha.

Slaidi za vioo ndizo koga linakopenda, unyevu ukishaingia kati ya vioo hautoki. Pia kioo kikigusana na upande wa filamu unaong'aa huzaa mizunguko ya rangi kama mafuta juu ya maji, na skana huiona wazi kuliko jicho. Zile mtakazozichagua, zitoeni kwenye vioo kwa subira na kuzivisha fremu mpya za plastiki zisizo na kioo. Ikiwa filamu imeganda kwenye kioo, usivute. Iskani ikiwa humo humo na ukubali mizunguko.

Albamu zenye gundi ndizo zilizonifanya nisikuchagulie skana nyembamba ya bei nafuu. Kwa picha za karatasi zilizo huru, Canon LiDE 300 au 400, au Epson V39, zinatosha kabisa: bei ndogo, umeme zinachukua kwenye waya wa kompyuta, hata umeme ukikatika laptopu inaendelea nazo. Ila ndani yake kihisi kimebanana na kioo na huona vizuri kile tu kinachogusa kioo. Picha iliyojikunja pembe, au iliyo ndani ya ukurasa mnene wa albamu, ikiinuka kidogo tu inafifia. V600 ina lenzi na vioo vya kuakisi ndani, kwa hiyo huvumilia milimita kadhaa. Jaribu kwanza kuzing'oa picha kwa kupitisha uzi wa kusafishia meno nyuma yake, ukiuvuta kushoto na kulia kama msumeno. Ikigoma, acha. Funua nailoni ya juu kama inakubali, laza ukurasa mzima, skani kwa 600, ukate picha moja moja kwenye kompyuta. Picha ndogo za pasipoti zipe 1200. Nyuma ya kila picha iliyotoka, ikiwa kuna mwandiko au mhuri wa studio, skani na nyuma.

Utakutana na picha za miaka hiyo zilizochapwa kwenye karatasi ya vipele vipele. Skana yoyote itazijaza nukta za kumetameta. Iskani mara mbili, ya pili ukiwa umeigeuza kichwa chini miguu juu, kisha mtu anayejua programu ya picha azilaze moja juu ya nyingine kwa nusu uwazi. Kumeta hupungua sana.

Ukiamua mtumba, nenda na laptopu yako na slaidi moja. Kwanza uliza vishikio. V600 bila kishikio cha slaidi na kile cha filamu ya 120 ni skana ya karatasi tu, na vishikio vikinunuliwa peke yake vina bei ya kuudhi. Pili, funua mfuniko uone kama taa yake inawaka unapochagua filamu, kisha skani slaidi na uangalie kama kuna mstari mnyoofu unaopita kutoka juu hadi chini. Huo ni vumbi au kihisi kibovu. Tatu, tazama kioo kwa ubavu ukimulika tochi: ukungu wa ndani ya kioo haufutiki bila kufungua mashine. V600 hutumia LED, haina haja ya kupashwa moto wala taa kuchoka upesi; V700 na V750, ambazo zimejaa kwenye mitumba, zina taa za mirija ambazo hufifia kwa umri. Nikon Coolscan ni mashine nzuri sana za zamani na watu watakushawishi. Zilishaacha kutengenezwa, baadhi zinaunganishwa kwa waya ambao laptopu za leo hazina, na fundi wake humpati Darajani wala Kariakoo. Zipite. Kwa skana yoyote ya zamani ambayo kompyuta mpya inaikataa, programu ya VueScan mara nyingi huifufua.

Mipangilio ni michache. Slaidi: biti 48, TIFF, 3200, ICE imewashwa, kunoa picha kumezimwa. Negativu za mraba: kijivu cha biti 16, 2400, ICE imezimwa. Picha za karatasi: biti 24, 600, na ICE ya karatasi imezimwa pia kwa sababu inachelewesha kazi na kulainisha nyuso. Upande wa filamu usio na mng'ao ndio wenye picha. Ukikosea kuulaza, watu wote watakuwa mashoto na maandishi yatasomeka kinyume, geuza tu. Slaidi ikitoka nyekundu au zambarau, si kosa la skana: rangi za filamu za zama hizo hufifia kwa kasi zisizolingana. Bonyeza kitufe cha kurudisha rangi uone, lakini hifadhi kwanza nakala isiyoguswa, kwa sababu kitufe hicho huwa na shauku kuliko busara na hupaka anga la Unguja buluu ambayo haijawahi kuwepo.

Majina ya faili yaanze na mwaka, kisha mahali, kisha namba: 1973_leipzig_014. Usiandike "baba mpya final 2". Weka nakala tatu, mbili kwenye diski mbili tofauti na moja nje ya nyumba, kwa ndugu wa Dar au kwenye hifadhi ya mtandaoni. Flashi isiwe mojawapo ya hizo tatu.

Kuna jambo hukuuliza lakini wengi hulifanya: wakishaskani, asili hutupwa. Usitupe. Skana ya miaka ijayo itaingia gizani zaidi ya hii, na slaidi za mzee bado zina kitu cha kuipa. Zitoe kwenye kabati lililoegemea ukuta wa nje, ziweke kwenye sanduku la plastiki linaloziba, pamoja na vipakiti vya silika jeli vya kunyonya unyevu, unavyovikausha au kuvibadilisha kila vinapolowana. Negativu ukiinusa ikanuka siki, itenge na wenzake na uiskani mwanzo kabisa, kwa sababu plastiki yake imeanza kuoza na itajikunja. Na zenye koga zikae kisanduku chao peke yao.